Bwana Kishori Hakuonja

Harufu ya iliki ikinipata, hata nikiwa bandarini Kindu nakagua boti zangu, mate hunijaa na moyo hunishtuka. Ndiyo, boti zangu, mbili, na masomo yangu yaliishia darasa la tatu! Waliosoma ndio wanaoniomba kazi. Lakini tuache hayo, niwaambie ya iliki.

Wakati wa vita mji wetu wa Kindu ulizingirwa. Treni haikuja, mashambani hakuendeki, tukala matembele bila chumvi. Jirani yetu alikuwa Muhindi, Bwana Kishori, aliyebaki peke yake katika duka tupu. Ukutani alikuwa na picha ya mungu wake: tumbo kubwa, mikono minne, kichwa cha tembo, panya miguuni. Pembe moja ilikuwa imevunjika, na mtaa mzima uliulizana mungu huyo amemuuzia nani. Bwana Kishori mwenyewe alitusimulia kwamba baba yake huyo mungu alimkata kichwa bila kumjua, kisha akampachika cha tembo.

Mama hakucheka. “Baba anakata mutoto yake kichwa! Na ule panya, anamutuma wapi?”

Asubuhi moja Bwana Kishori alikaanga unga wake wa mwisho kwa samli na iliki, akafinyanga madonge, akayaweka mbele ya picha na kupiga kengele. Kisha akatuletea sahani. Miguu ya mdogo wangu Furaha ilikuwa imeshavimba kwa njaa.

Kwetu, anayekupa chakula huonja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Mama akasema, “Onja, Bwana.”

“Siwezi, Mama. Leo nafunga mpaka mwezi utoke. Hata jikoni sikuonja, mungu ndiye wa kwanza.”

“Kindu yote inafunga, Bwana! Weye unafunga nini tena?”

Akaenda kuketi mlangoni pake.

Mama alimtazama Furaha. Akaketi kizingitini, akachukua donge moja, akala polepole. Nikalia kwa hasira, “Mama anakula peke yake!” Nikanyoosha mkono, akaupiga. Akakaa vile, ameshika tumbo, sahani juu ya mapaja, mpaka jua likawa utosini. Ndipo akatuita: “Mukule sasa.” Furaha alilamba hata sahani.

Donge moja Mama alilificha. Mwezi ulipotoka akanituma nalo: “Umupelekee, tuone kama atakula.” Bwana Kishori alikula, akalamba vidole kama Furaha.

Miaka mingi nilimwekea Mama kinyongo kwa lile donge. Nilidhani njaa ilimshinda. Nilipozaa wangu ndipo nikaelewa alichokuwa akingoja pale kizingitini.

Mimi simwamini mtu, na kutoamini kumenitajirisha. Ukiniletea chakula, mkubwa au mdogo, utaonja. Ila kikifika mezani mbele ya wanangu, wa kuonja ni mimi.