Gia ya Nne

Sijawahi kumiliki gari, lakini kuna moja nililolionea wivu mpaka nikalijua kuliko mwenyewe. Lilikuwa jeupe, refu kwa kimo, lenye nafasi ya baba, mama na watoto wote, na magurudumu yake yote manne yalisukuma. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, kama mengi yalivyoanza kuja miaka ya tisini ikielekea mwisho, na giaboksi yake ilikuwa otomatiki. Gereji yetu ya Kawangware ilikuwa uwanja wa udongo mweusi kwa oili, mabati machache na shimo la kuingilia chini ya magari. Otomatiki tulikuwa tunaziogopa kidogo.

Wakati huo nilikuwa mtu wa kuhamahama. Shule niliiacha mapema, mwalimu akiwa amechoka na maswali yangu na mimi nimechoka na majibu yake. Nilikuwa nimebeba mawe, nimefua masufuria ya bati kule Laini Saba, nimelinda geti, nimechoma mahindi. Nikishaelewa kazi inafanywaje, miguu huanza kuniwasha. Pale gereji nilikuwa nimeelewa kila nilichotaka kuelewa, na bado nilitoka Laini Saba kila asubuhi kwa miguu, nikavuka Ngong Road, nikapita Dagoretti Corner katika ile baridi ya Julai, nikafika kabla ya wenzangu.

Sababu ilikuwa kando ya geti, nyuma ya jiko la makaa. Alikuwa dada wa kutoka pande za Kakamega aliyetuuzia chai na chapati. Alikuwa mfupi, na meza yake ilikuwa ya juu, kwa hivyo alisimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa ili aweze kuona ndani ya sufuria. Mimi nilikuwa naketi kwenye benchi lake na kumweleza mambo: kwa nini dizeli haihitaji plagi, kwa nini breki hupiga kelele mvua ikinyesha. Alisikiliza huku akigeuza chapati. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi, na kwamba yeye pia anajua.

Mara ya kwanza gari lile lilikuja likitoa mvuke. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo anayeishi Ayany, anayefanya kazi ya ofisi mjini, na aliteremka akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono, hata mimi niliyekuwa na mikono kama makaa.

"Mdosi alifiwa na bibi," mwenzangu mmoja alininong'oneza. "Hiyo gari alinunua ya familia, halafu familia ikapungua."

Rejeta, lile sanduku la kupozea maji, lilikuwa limetoboka. Mzee wetu, mwenye gereji, akaliziba kwa risasi iliyoyeyushwa. Kisha akafungua njia ya maji ya injini, akatoa kifaa kidogo cha shaba chenye springi, akakitupa kwenye mkebe wa takataka.

"Mzee, mbona unatoa thamostati?" nikauliza.

"Hii ni ya Japani. Huko kuna barafu, injini lazima ivalishwe blanketi. Hapa Afrika ni ya nini?"

Alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu iliyomfunika masikio.

Hakuwa peke yake. Mafundi wote niliowajua walikuwa wakitoa thamostati. Ukichimba udongo wa gereji yoyote ya Nairobi ya wakati ule utazipata, zimelala kama sarafu. Mimi niliiokota ile kwenye mkebe, nikaiosha, na nikaenda nayo kwa jiko kwa sababu nilitaka kujua inafanya nini. Maji yalikuwa yameanza kuchemka. Nikaitumbukiza.

"Wewe! Hiyo sufuria ni ya chai!"

"Ni maji tu bado."

"Ni maji yangu! Toa chuma yako!"

"Ngoja. Angalia tu."

Aliinama juu ya kreti yake, mwiko mkononi, tayari kunipiga. Ndipo katikati ya ile shaba pakaanza kufunguka, polepole, kama mtu anayetaka kusema kitu.

"Uwi! Imefungua mdomo!"

"Ikipoa itafunga."

"Toa tuone."

Nikaitoa kwa koleo. Tukaiinamia pamoja, vichwa vyetu vikikaribiana, mpaka ikajifunga. Akacheka sana.

"Kwa hivyo iko na akili."

"Haina akili. Inaskia joto tu."

"Na hiyo si ndiyo akili?" alisema, akamwaga maji na kunituma bombani nikachote mengine. Thamostati niliitia mfukoni. Nilitembea nayo kila siku baada ya hapo, nikiigusagusa.

Baada ya siku chache gari likarudi. Halikuchemka tena, lakini sasa giaboksi ilikuwa ikikataa gia ya nne. Lilipanda ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu likabaki hapohapo likilia kama ng'ombe aliyesahauliwa, na petroli ikiisha bure. Mwenyewe alieleza kwa utaratibu. "Asubuhi nikitoka nyumbani inakataa. Nikikaa kwa jam ya town halafu nitoke, inaingia poa. Nikikimbia kidogo, inaacha tena."

"Ni oili," mzee akasema.

Oili ya giaboksi ikamwagwa, ikatiwa nyingine nyekundu. Wakati wa kungoja, mwenye gari akaketi kwenye benchi, mahali pangu, akaagiza chai. Alisoma gazeti lake, na alipomaliza akalikunja vizuri akampa dada. Mimi gazeti nililijua kwa vipande vilivyofungia nyama. Yeye alilipata zima, la siku hiyohiyo.

Oili mpya haikusaidia. Akarudi. Safari hiyo mzee aligundua kwamba tairi moja la nyuma lilikuwa kubwa kidogo kuliko mengine, na gari linalosukuma kwa magurudumu yote halitaki hivyo. Magurudumu yakipishana ukubwa yanavutana, na ndiyo maana lilikuwa likijikaza kila likikata kona. Tukabadilisha, kona zikalainika. Gia ya nne, hapana. Akarudi tena. Tukakaza mikono ya mpira inayoshikilia giaboksi, tukabadilisha beringi ya propela, kile chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma. Akarudi.

Kila akirudi nilimwona akiketi palepale. Sote tulikunywa kwa vikombe vya bati vilivyobabuka rangi. Siku moja nikaona mbele yake kikombe cha udongo chenye maua ya samawati. Nilikitazama kile kikombe kutoka chini ya lori nililokuwa nalitengeneza, nikaona anavyokishika sikio kwa vidole viwili. Jioni nikauliza, "Hicho kikombe kilitoka wapi?"

"Kilikuwa nyumbani."

"Na kilikuja kufanya nini hapa?"

"Kunywewa chai," alisema. "Maswali mengine wewe!"

Wenzangu walifurahia gari lile. Lilikuwa kama ng'ombe wa maziwa, walisema, likikamuliwa linarudi. Mimi peke yangu nililiombea afya. Sidhani kuna mtu aliyewahi kutamani gari la mwenzake lipone kama nilivyotamani. Likipona, mwenyewe atapeleka matako yake kwenye viti vya ofisini na kikombe kitarudi nyumbani.

Halafu mzee akasema, "Sasa tutafungua giaboksi yote."

Nilijua maana yake. Otomatiki ikifunguliwa na watu wasioijua, itakaa juu ya gunia wiki baada ya wiki, na mwenye gari atakuja kila jioni kuulizia, na kila jioni atakunywa chai. Nikamwomba mzee aniruhusu kwanza niende na mteja barabarani nisikilize.

"Utasikiliza nini ambayo mimi sijasikia?"

"Hata kama ni bure, mzee. Gunia ziko tu."

Akapunga mkono, niende.

Nilifungua mlango wa mbele kushoto, nikaingia, na magoti yangu yakagonga dashibodi. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kabisa.

"Pole, bwana fundi," mwenye gari alisema. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. "Kuna chuma hapo chini, vuta, urudi nyuma."

Nikavuta, nikarudi nyuma, tena na tena, mpaka miguu ikapata nafasi. Watoto wake walikaa nyuma, viatu vyao vya shule vilikuwa huko. Aliyekaa mbele alikuwa mtu mzima, na alikuwa mfupi sana. Mimi ambaye nauliza hata kwa nini kunguru hutembea badala ya kuruka, sikuuliza kitu.

Tukapanda Ngong Road kuelekea upande wa Karen. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha kile kilio.

"Unaskia?" alisema.

Nilikuwa nasikia, lakini macho yangu yalikuwa yamekwepa uso wake na kuangukia mshale wa joto. Ulikuwa umelala chini kabisa, kama gari ambalo limeshinda limezimwa, ilhali tulikuwa tumekimbia mwendo mzuri. Kwenye jam inaingia. Kwenye upepo inaacha. Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe, ukagusa ile shaba, na nikaona sufuria, na kile kinywa kikifunguka.

"Simamisha," nikasema. "Uko na katoni?"

"Sina. Niko na gazeti."

Lilikuwa la siku hiyo, limekunjwa, bado hajampa dada. Nililichukua kwa furaha mbaya. Nikafungua boneti na kulikwamisha lote mbele ya rejeta, upepo usipite. Tukaondoka tena. Mshale ukaanza kuinuka, kidogo, kidogo, ukafika karibu na katikati, na chini ya miguu yetu kitu kikashusha pumzi. Gia ya nne ilikuwa imeingia. Gari likawa kimya mpaka tukasikia manyunyu.

"Umefanya nini?" aliuliza, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

Nikamweleza. Giaboksi hii haitoi gia ya mwisho injini ikiwa baridi. Imeambiwa hivyo huko ilikotengenezwa. Na injini haipati joto kwa sababu tulitoa kinachofungia maji mpaka yapate joto. Giaboksi haikuwa na ugonjwa wowote.

Alinishika bega. Nilijaribu kumchukia na sikuweza, na hilo liliniuma zaidi ya kiti.

Pale gereji nikairudisha thamostati mahali pake kwa mikono yangu. Dada aliniona nikiifuta kwa kitambaa.

"Si hiyo ni ile yetu?" alisema.

Alisema *yetu*. Nikaitia ndani, nikafunika, nikakaza.

Mzee alilipeleka gari barabarani, akarudi akipiga honi. "Si niliwaambia tangu mwanzo hii shida ni ya maji?" alituuliza sote.

Baada ya hapo gari halikuja tena. Wiki ikapita, na nyingine. Nilirudi kwenye benchi, nikaketi palepale, nikamweleza dada jinsi tofali la zege linavyoshika na kwa nini maziwa huumuka. Kikombe cha maua sikukiona. Nilikuwa na furaha ambayo nilidhani ina muda mrefu, na mtu mwenye muda hana haraka ya kusema. Kila jioni nikitembea kurudi Laini Saba nilipanga nitakavyomwambia, na kila asubuhi nilimweleza habari za klachi.

Jumamosi moja asubuhi nilifika nikakuta jiko halijawashwa. Dada alikuwa amesimama kando ya geti akiwa na begi, amesuka nywele upya, amevaa viatu ambavyo udongo wetu haukuwahi kuvijua. Nikamuuliza kama kuna msiba nyumbani.

"Hakuna msiba. Naenda kuonyesha watu wetu mtu."

Nililisikia kabla sijaliona. Lilishuka barabarani likiwa zima, halina mtetemo, halina kilio. Mwenyewe alikuwa na koti, na watoto walikuwa nyuma wamevaa nguo za kanisani. Alinipungia mkono kwa furaha ya kweli.

Dada hakuingia mara moja. Alinigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza fundi.

"Ni mbali. Kuna ile milima. Itafika?"

Neno moja lingetosha. Ningesema propela ile siiamini, au giaboksi bado naishuku, na angeshikwa na wasiwasi, na safari ingeahirishwa hata kwa wiki moja. Alijua kwamba sijawahi kumdanganya kuhusu mashine.

"Itafika," nikasema. "Mwambie mkishuka milima asiache gari ijiendee tu. Ashushe gia, asichome breki."

"Nitamwambia." Akaendelea kunitazama. "Na leo huna swali?"

"Niko nayo moja."

"Uliza."

Nikatazama magurudumu.

"Tairi ya spea iko na upepo?"

Akacheka, lakini si kile kicheko cha sufuria. Akafungua mlango wa kushoto. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele tena, akaketi, na miguu yake ikafika chini vizuri.

Nilisimama getini nikisikiliza. Ya kwanza. Ya pili, hapo kwenye kona ya duka la mbao. Ya tatu, ikififia. Ya nne sikuisikia. Huwa inaingia kwenye barabara kubwa, mbele ya Uthiru, mbali na masikio yangu. Lakini iliingia. Mimi ndiye niliyeitengeneza.