Mama Breki Adai Habari Zake

Kilichomshtua Mama Breki si maumivu ya tumbo, wala si kule kukonda mpaka sketi zikawa zinamzunguka kiunoni. Kilichomshtua ni shemeji yake. Kaka wa mumewe alikuwa mtu wa ubishi. Kwa miaka ishirini hawakuwahi kukaa meza moja bila kurushiana maneno, iwe ni mpira, iwe ni bei ya petroli. Jumapili moja Mama Breki akasema, kwa makusudi kabisa, kwamba gari la dizeli halihitaji kubadilishiwa oili. Shemeji akameza mate, akatazama chini, akajibu, "Kweli, shemeji. Umesema kweli."

Hapo akajua kwamba ugonjwa wake ni mkubwa.

Alikuwa mwalimu wa udereva, kazi aliyoifanya miaka ishirini na saba katika gari dogo lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake. Akipaza sauti, "Breki!", hata waliokuwa wakivuka barabara kwa miguu walisimama. Alikuwa amefundisha wauguzi, madereva wa malori, na hakimu mmoja aliyelia kwenye mzunguko. Mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyemshinda: mumewe, fundi umeme, mtu mpole wa maneno machache. Katika somo la kwanza Fundi aligonga banda la kuku la jirani. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akarudi nyumbani kwa miguu, na usukani hakuugusa tena.

Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya shemeji kumkubalia, Mama Breki aliendesha peke yake hadi hospitali. Huko alikuwa ameambiwa ana vidonda vya tumbo.

"Daktari," alisema kabla hajakaa, "mwili huu ni wa nani?"

"Ni wako, mama."

"Basi mbona habari zake wamepewa watu wengine?"

Daktari alivua miwani. "Familia iliniomba nisikutie hofu."

"Hofu ninayo tayari. Ninachokosa ni habari."

Akamwambia. Saratani ya kongosho, imeshasambaa, haikatiki. Miezi sita, pengine minane. Mama Breki akauliza kama itauma, na kama akili itamtoka. Daktari akamjibu kwamba maumivu yana dawa, na kwamba akili yake huenda ikabaki naye karibu mpaka mwisho. Akashukuru, akaenda kukaa garini pale maegeshoni bila kuwasha injini, akalia hadi vioo vikaingia ukungu. Hakuwa na ushujaa wowote asubuhi ile. Alitaka kuishi; hakuona kwa nini asitake. Kilio kilipokwisha akafuta kioo kwa kiganja, akampigia simu mdogo wake, mshonaji, akamwambia aje nyumbani jioni.

Jioni aliwaketisha sebuleni, mdogo wake na mumewe.

"Nimetoka kwa daktari. Ninakufa."

"Ushindwe!" mdogo wake akaruka. "Dada, usijitabirie! Utapona!"

Fundi akasimama, akasema swichi ya jikoni inapiga cheche.

"Kaa chini, Fundi. Swichi hiyo umeitengeneza juzi." Akakaa. "Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sasa maradhi ni yangu, wafichaji ni nyinyi. Mnataka kilio kimfichue nani?"

Mdogo wake alicheka bila kutaka, kisha akaangua kilio. Kila mkewe alipoanza, "Nikishaondoka," Fundi alikumbuka waya fulani mahali fulani. Mama Breki alimtazama siku tatu, akaona wazi: huyu mtu akiachwa hivi, atajifungia ndani na bisibisi zake mpaka aoze. Binti yao alikuwa anaishi mbali, mwendo wa saa nne, na basi la kwenda huko lilipita mara moja kwa siku.

Siku ya nne akamtupia funguo mapajani. "Twende."

"Wapi?"

"Kujifunza. Sifi kabla hujapata leseni."

"Nina miaka sitini na moja, mke wangu."

"Na mimi nina miezi sita. Nani hapa ana haki ya kulalamikia umri?"

Walianzia uwanja mtupu nyuma ya ghala. Fundi aliishika gia kama mtu aliyeshika waya wenye umeme. Gari lilizima mara kumi na moja. Wiki ya pili wakaingia barabarani, na huko ndiko jambo lilikotokea ambalo Mama Breki hakulipanga. Akiwa amekaza macho mbele, bila mtu wa kumtazama usoni, Fundi akapata ulimi.

"Nitalala upande gani wa kitanda?" aliuliza ghafla.

"Indiketa kwanza. Lala katikati."

Baada ya kona akasema, "Niliwaambia wakufiche kwa sababu sikuweza kulisikia neno la kufa likitoka kinywani mwako."

"Sasa umelisikia."

"Nimelisikia."

"Basi badilisha gia, injini inalia."

Kila siku wakawa hivyo, na mwili wa mwalimu ukizidi kuwa mwepesi. Alimweleza anataka nani aimbe mazishini na nani asithubutu. Walibishana kuhusu dawa. Alikataa kulazwa, Fundi akakubali shingo upande. Mtihani wa kwanza Fundi alifeli kwenye zoezi la kurudi nyuma. Wa pili akapita, na Mama Breki, ambaye wakati huo alitembea kwa kushikwa mkono, alimwuliza mtahini mara mbili kama hakumwonea huruma.

Mwezi wa saba tangu aambiwe ukweli, Mama Breki alikuwa kitandani. Mdogo wake, aliyekuwa akija kila siku na kuzungumzia vitambaa tu, mchana mmoja aliweka sindano chini.

"Dada, unaogopa?"

"Naogopa maumivu. Nachukia kuwaacha. Kufa kwenyewe sijui, sijawahi kufa."

Mdogo wake akapanda kitandani, akalala pembeni yake kama walivyolala utotoni.

Alifariki Jumanne saa sita mchana, Fundi akiwa amemshika mguu, kwa sababu mikono ilikuwa imeshikwa na mdogo mtu. Simu ya kumwarifu binti ilipotakiwa kupigwa, shemeji alinong'ona, "Mwambie mama yake amezidiwa, aje kwanza."

"Hapana," alisema Fundi. Akapiga mwenyewe. "Mwanangu, kaa chini. Mama yako amekufa. Usipande basi na hali hiyo. Ninakuja kukuchukua."

Akavaa viatu. Shemeji akajitolea kumsindikiza, akaingia, akafunga mkanda, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi akaanza kubisha: kwamba njia ya juu ni fupi zaidi. Fundi akamwambia si kweli, akaondoa gari.