Mwaka Ambao Paka wa Mama Hakunenepa

Mama yangu alikuwa na paka jike wa madoadoa aliyemwita "mwenzangu", na kila mwaka, joto la mwezi wa kumi likipamba moto hapa Tabora, yule paka alikonda. Wala hatukuhangaika. Alishinda amejilaza kwenye saruji kando ya mtungi wa maji, chakula anakinusa tu, mbavu zote nje. Kisha mvua za kwanza zinanyesha, kumbikumbi wanatoka ardhini, anawabugia mpaka tumbo linaning'inia. Ikifika Krismasi, hata kuruka dirishani kwake ni kazi.

Kwa hiyo mwaka juzi alipokonda, jibu tulikuwa nalo.

"Mbona safari hii amezidi?" mama aliniuliza nilipokwenda kumsalimia.

"Mama, na joto hili nani hajakonda? Hata mimi suruali inanipwaya." Lo, nilivyojiona mjuzi!

Jirani naye akaja na lake. "Huyo anakula mijusi," alisema. "Paka akila mijusi hanenepi ng'o. Mfungie ndani." Huku kwetu hilo halina ubishi, ukimwona paka mkondefu, umeshajua anakula nini. Tukamfungia. Mama akamwekea dagaa wa Kigoma, wale wakavu wanaokuja na treni, bakuli zima. Paka akaliendea mbio, akaokota mmoja, akatikisa kichwa, akamtema. Akaokota mwingine, akamtema pia. Halafu akakaa pembeni anatutazama.

"Ona maringo!" nikasema. "Kazoea vya nje huyo."

Mama alicheka, ila si sana. Tangu baba afariki, yule paka ndiye aliyekula naye, ndiye aliyemsemesha Kinyamwezi kutwa nzima. Nilijua kabisa kwamba akienda huyo, mama atabaki peke yake ndani ya nyumba ile. Nilijua, na bado nikaona mzaha.

Mvua ilichelewa. Ilipokuja, kumbikumbi walijaa uani. Tukamfungulia paka mlango, tukasimama kumtazama kama watu walioenda kutazama mpira. Akawakimbilia kweli. Akamdaka mmoja, akampeleka mdomoni, akapiga kelele ya maumivu.

Mama ndiye aliyemshika. Alimkalisha mapajani, akamfungua kinywa kwa vidole viwili, na harufu ikatupiga wote wawili. Fizi zilikuwa zimevimba, zina usaha, na meno ya nyuma yamebaki vipande.

"Meno," mama akasema. "Jamani, kumbe ni meno!" Akajishika shavu. Mama mwenyewe amebakiwa na meno machache ya mbele; nyama aliiacha zamani, ugali wake anaushushia na mlenda. "Na mimi nisiye na meno ndiye niliyemwekea dagaa wakavu! Mimi!"



Mtaalamu wa mifugo alikuja siku hiyo hiyo, akamchoma sindano, akatuambia wazi kwamba tumechelewa, mwili umekwisha. Mama hakubishana naye. Aliingia jikoni, akatwanga dagaa kwenye kinu mpaka wakawa unga, akachemsha, akapoza kwa kumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, kama anayempozea mtoto uji. Akaweka kisahani sakafuni.

Paka alilamba yote. Akaendelea kulamba kisahani kitupu, kikawa kinasogea sakafuni naye anakifuata mpaka kikagota ukutani. Akainua uso, akalia kidogo kuomba. Akaongezewa, akamaliza, akaomba tena.

Alikufa wiki hiyo hiyo. Watu waliniambia ni paka tu, nimtafutie mama mwingine, nikawajibu vibaya na sijutii majibu yale. Kinachoniuma ni kwamba hakukataa kile kisahani. Angekikataa, ningepata usingizi.

Mama alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, hakunilaumu hata kidogo. "Tulisema hataki kula," aliniambia. "Alikuwa na njaa, mwanangu. Muda wote ule alikuwa na njaa."