Jiko Lisilo na Moshi

Juzi dukani niliona jiko la umeme la kubana nyama, lile lenye mabamba mawili, nikasimama mbele yake kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

Mara ya kwanza nililiona nyumbani kwa bibi, huko Ipuli, shangazi alipolileta kutoka Dar. Nilidhani ni pasi mbili zilizofungwa pamoja. Shangazi alikanda nyama ya kusaga na kitunguu, akatengeneza baga nene, akazipanga, akafunika. Mkaa haukuwepo, wala moshi. Mara nikasikia chwaa, na harufu ya mafuta na pilipili manga ikajaa sebuleni. Nilikodoa macho nikiutafuta moto.

"Usikandamize," aliniambia nilipogusa mpini. "Utakamua maji yake yote."

Kwa bibi, harufu ya nyama ikimfikia jirani, naye alipelekewa. Kwa hiyo niliamini kifuniko kile kimewekwa ili harufu isitoke, tule peke yetu.

Shangazi alipofunua, mvuke ulipaa, na juu ya kila baga mchuzi ukametameta. Bibi akanusa, akainuka taratibu, akafungua dirisha la upande wa jirani yetu, Bi Zuhura.

"Bibi, atasikia harufu," nilinong'ona.

"Ndiyo maana nafungua," alisema, akachukua sahani.

Siku hizi najua kifuniko kile huivisha nyama pande zote mbili kwa pamoja. Lile jiko la dukani nimelinunua. Naishi ghorofani, na jirani yangu simjui hata jina. Jana nilifungua dirisha kwanza, ndipo nikawasha umeme.