Kidude Ndani ya Pikapu Yangu

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza huku nabeba kabichi kichwani kuteremka mlimani kwenda sokoni. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa kwamba mwenye mashine mbili za kusaga na nyumba ya vyumba sita mjini Kihonda alishindwa kujua ndani ya pikapu yake mwenyewe kuna nini.

Pikapu niliinunua Turiani, kwa bwana mmoja aliyekuwa anabebea mpunga. Imetumika, lakini bodi nzima na injini haivuji. Niliikagua mwenyewe. Nililala chini yake kwenye tope na shati langu, kwa sababu simwamini mtu anayekagua gari akiwa amesimama. Ikanitumikia vizuri miezi mitano, ukiacha betri. Ikilala siku mbili bila kuwashwa, asubuhi haina nguvu hata ya kulia honi. Nikanunua betri mpya, nayo hivyo hivyo. Basi Jumamosi moja nikaipeleka Msamvu kwa fundi umeme.

Nilikwenda na binti yangu mkubwa, huyu anayefanya kazi chuoni Mazimbu. Siku hizo sikuwa naruhusiwa kuendesha peke yangu. Mtu wa miaka sabini na moja, nimejenga, nimesomesha, halafu nasema sikuwa naruhusiwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wiki tatu kabla ya hapo sukari ilinishuka nikiwa Bigwa, pale njia ya Matombo inapokutana na barabara ya Dar. Niliwahi kusogea pembeni, nikalalia usukani. Akina mama wanaouza ndizi wakaninywesha soda, mmoja akachukua simu yangu akampigia mke wangu. Tangu hapo funguo zikawa zinakaa kwenye kabati lake, chini ya vitenge. Siku ya Jumatano nilikuwa naziiba. Naiba funguo za gari langu mwenyewe.

Sasa niseme Jumatano ilikuwa na nini. Nyumbani walijua ni siku ya Mikese, siku ya kutafuta mahindi ya mashine. Mikese sikuwa nafika. Nikitoka Bigwa nilikuwa napinda kulia, napita Kiroka, napita Mkuyuni, napanda Matombo nilikozaliwa. Nilikuwa najenga huko.

Asiyetoka kwetu anaweza kusema kujenga siyo kosa. Kwetu Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Ukoo wa mama, wenyewe tunauita lukolo, ndio wenye shamba, na mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Watoto wa dada yangu ndio wa kwangu kwa hesabu ya mlimani. Nikijenga kwenye ardhi ile, nikifa nyumba inabaki kwa wapwa zangu, na watoto niliowazaa hawana hata dirisha. Mke wangu ni Mpare. Kwao mali inamfuata baba. Jambo hilo tumelizungumza mara moja tu kwa miaka arobaini, mwaka wa kwanza wa ndoa, akasema siku akisikia nimepeleka tofali moja kwa watoto wa dada yangu atarudi kwao Same. Hakuwa anatania, na mimi niliapa. Kufikia ile Jumamosi nilikuwa nimepeleka tofali zaidi ya elfu. Nilitaka kufia nilipozaliwa, kwenye nyumba niliyoijenga mimi, na nilitaka mke wangu asiondoke. Hayo mawili yalikuwa hayakai pamoja, kwa hiyo nilikuwa nayatenganisha kwa uongo wa kila Jumatano.

Fundi akafungua dashibodi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoka na kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti cha jikoni, kimefungwa kwa gundi ya karatasi.

"Mzee, gari lako lina mpelelezi," akasema.

Akanieleza. Ni treka, ina laini ya simu ndani, inasema gari liko wapi saa zote, na mwenye kuimiliki anaweza hata kuizima injini akiwa kitandani kwake. Mwenye gari wa kwanza ndiye aliyeifunga. Betri ilikuwa inakufa kwa sababu waya umeungwa vibaya, ukiungwa vizuri haitasumbua tena. Akashika plaizi, akauliza akate au aache.

Nikasema kata. Binti yangu akasema usikate.

Fundi akatuangalia kwa zamu, plaizi hewani. Binti akasema hicho ndicho kitu alichokuwa anakitafuta tangu siku ya Bigwa, alishauliza bei yake mjini, kumbe tunacho tayari. Nikianguka tena njiani, atajua niko wapi. Nikamwambia mimi siyo ng'ombe wa kufungwa kengele. Akasema ng'ombe hana sukari. Fundi akainama kucheka kwenye gurudumu.

Hapo ndipo kiburi changu kiliponiponza. Nilikuwa na hasira na yule bwana wa Turiani, kwamba miezi mitano ananichungulia, na nilitaka aaibike mbele za watu. Nikampa fundi simu yangu, nikamwambia apige na aweke spika, wote wasikie.

Akapokea kwa heshima zote. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Uliniuzia gari au uliniazima?"

Nilipomweleza alishtuka kweli, nadhani. Akaomba radhi. Alisema alikifunga kwa ajili ya dereva aliyekuwa anamnyonyea mafuta, na siku ya kuuza alisahau. Nikaendelea kumkaripia, sauti inasikika mpaka kwa wauza spea wa ng'ambo ya barabara. Naye, masikini, akataka kunituliza.

"Wala sikufuatilii, mzee wangu. Nafungua mara mojamoja tu. Naiona Kihonda, naiona sokoni. Jumatano ndiyo naiona Matombo, imesimama palepale kutwa nzima. Hata mke wangu nilimwambia, yule mzee ana shamba zuri."

Nilitamani niizime ile simu, lakini ilikuwa mkononi mwa fundi. Nikaangalia chini kwenye mafuta machafu. Yule bwana akaendelea kusema, kwamba nimtajie namba yoyote ninayotaka, atahamishia kidude huko sasa hivi, yeye asione tena. Fundi akasema sawa, tutakupigia.

Binti yangu akanivuta pembeni, kwenye kivuli cha kontena. Aliniuliza taratibu kama Matombo kuna mwanamke.

Nitasema ukweli: nilifikiria kujibu ndiyo. Mwanamke angeitishiwa kikao, shemeji zangu wangekuja kutoka Same wamenuna, ningetozwa mbuzi, yakaisha. Nimewaona wanaume wenzangu wakitoka kwenye vikao hivyo na kula nyama. Nyumba haina kikao chake. Nilisimama tu kama mtu anayesubiri chenji.

Fundi akaita kutoka kwenye gari. "Mzee, tumtajie namba ya nani?"

Yangu haikufaa. Simu yangu ni kitochi, haina ramani. Nami nikafungua mdomo nikataja namba, tarakimu zote kumi bila kusita. Ilikuwa ya mpwa wangu mkubwa. Naapa sikupanga. Kichwani niliona tu kwamba ana pikipiki, kwamba nikianguka barabara ya Matombo atanifikia kabla ya mtu yeyote wa mjini, na kwamba tangu zamani mpwa ndiye anayemwangalia mjomba. Tena nilikuwa nampigia kila siku habari za saruji, namba yake ilishaingia kwenye damu.

"Hiyo ni ya nani?" binti akauliza.

"Ya mpwa wangu."

Huyu amekulia kwangu, anajua lukolo ni nini. Alisema, "Unajenga," kama mtu anayesoma bango.

Kisha akaniuliza, "Baba, na yangu unaijua kwa kichwa?"

Nilianza. Sifuri saba. Nikakwama hapo.

Alikwenda kwa fundi akamtajia namba yake mwenyewe. Nilimfuata nikasema mimi ndiye mwenye gari na nimesema kikatwe. Akanigeukia mbele ya fundi, sauti ya chini kabisa. Kikatwe, akasema, halafu leo jioni mama atauliza kwa nini umekataa kitu cha kukuokoa, na mimi nitakuwa nimekaa palepale. Tena akasema habari ya Matombo hataenda kumwambia mama. Lakini mama akimuuliza, hatadanganya.

Nilitafuta pa kutokea, sikupaona. Nikisema kikatwe, ataulizwa. Nikisema kiwekwe kwa mpwa, ataulizwa zaidi. Nilimwambia fundi afunge dashibodi.

Mke wangu alifurahi sana kwa habari ya kidude. Alirudisha funguo kwenye msumari wake wa zamani mlangoni. Nilipoziona pale zinaning'inia, nilijisikia vibaya kuliko zilipokuwa kabatini.

Nikaendelea kwenda Matombo. Ningefanyaje, ukuta ulishafika kwenye lenta, juu ya madirisha, na mvua zilikuwa karibu. Kila Jumatano nikipita Kiroka simu inalia. Binti. Anauliza kama nimekula, kama nimebeba soda. Haulizi ninakwenda wapi, maana ananiona. Nikikaa mlimani kupita kawaida anapiga tena. Sijawahi kuomba ruhusa ya mtu tangu nilipoacha kubeba kabichi, na sasa nikawa najikuta natazama saa nisipitilize. Nikikaa kwenye usukani naona ile dashibodi kama mtu aliyekaa mbele yangu bila kunisalimu.

Binti hakunitishia hata mara moja, na hapo ndipo palipokuwa pabaya. Alikuja siku moja kusema anataka mashine moja ihamie Mazimbu, karibu na wanafunzi. Zamani ningekataa kabla hajamaliza kukaa. Nilisema sawa. Mke wangu akanitazama kama mtu mgeni. Binti mwenyewe aliona aibu, akasema tunaweza kufikiri kwanza. Nikasema hapana, ichukue. Nilijua kwa nini nimesema hivyo, naye alijua, na tulikunywa chai.

Ikafika Jumatano ya kuezeka. Nilikuwa nimebeba bati zilizobaki, nazo zilipiga kelele njia nzima mpaka wauza machungwa wa Mkuyuni wakawa wanageuka. Wapwa zangu wawili walikuwa juu ya kenchi za paa, mimi chini kwenye kiti, nawaonyesha kwa fimbo pa kupiga msumari. Kaburi la mama yangu linaonekana kutoka pale, na migomba, na kanisa la misheni kule chini. Nilikuwa nimekaa vizuri kuliko nilivyokaa mwaka mzima.

Simu ikalia. Nikajua ni habari ya soda.

"Baba, niko nyumbani," binti akasema. "Mama ameniuliza uko wapi. Amesema nifungue ramani nimwonyeshe."

"Umemwonyesha?"

"Bado. Nimetoka nje. Nikirudi ndani nimwambie nini?"

Nilikuwa na maneno. Ningeweza kumwambia aseme mtandao unasumbua. Angeweza hata kukubali kwa siku hiyo moja, nilisikia kwenye sauti yake kwamba amechoka na yuko karibu kukubali. Halafu ingekuja Jumatano nyingine, na mwanangu angekuwa ananisaidia kumdanganya mama yake. Huko sikutaka kumfikisha.

"Mpe simu," nikasema.

Nilisikia mlango, nilisikia redio ya jikoni, kisha pumzi ya mke wangu.

"Uko wapi wewe?"

"Matombo," nikasema. "Najenga. Leo tunaezeka."

Redio ikazimwa. Nilidhani amekata, nikatazama kioo cha simu, dakika zilikuwa bado zinahesabu.

"Vyumba vingapi?" akauliza.

"Viwili na baraza."

"Kwa muda gani?"

"Miaka miwili."

Safari hii simu ilikatwa kweli. Mpwa wangu mkubwa, misumari mdomoni, akaniuliza kutoka juu, "Mjomba, tupandishe bati ya pili?"

Nikamwambia asubiri.