Upande Usio na Uso

Nilikuwa mwalimu mbaya. Nasema mapema ili asije mtu akanihurumia kabla ya wakati wake. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba, na kijiji kilikuwa kimenipa chaki, ubao na kundi la wazee niwafundishe kusoma. Kichwa kilinivimba.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Mwaka uliotangulia tulihamishwa kwa lori kutoka kwenye makazi yetu ya zamani, upande wa Didia. Tuliacha ua wa minyaa, makaburi, na nyumba iliyoezuliwa paa ili tusishawishike kurudi. Baba alisimama mkutanoni akapinga. Alisema ng'ombe hawajui kusoma ramani. Watu walicheka, lakini yale maneno waliyaweka akiba.

Kisha ukaja uchaguzi. Kwa ubunge walikuwapo wawili, mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba. Kwa urais alikuwa mmoja tu. Upande huu wa karatasi kulikuwa na picha yake, upande ule kivuli cheusi. Ukimkubali unaweka alama kwenye picha. Kama humtaki, kwenye kivuli. Niliambiwa niwafundishe wazee wangu hayo, basi nikachora ubaoni kichwa cha mviringo chenye macho na mdomo, na pembeni yake kisanduku kitupu.

Bibi, mama yake baba, alikaa benchi la mbele. Nyumbani aliniita mjukuu, lakini darasani aliniita mwalimu, tena kwa dhati. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, yaani nimchore mkubwa usoni?"

"Bibi, fuata nilivyosema. Tusipoteze muda."

Darasa likaangua kicheko. Naye alicheka, akashusha mkono, na hakuuliza tena.

Kura zilihesabiwa palepale shuleni, na kabla jua halijatua kijiji kizima kilikuwa kinajua: zote Ndiyo, isipokuwa moja. Zingekuwa nyingi, lawama zingegawanyika migongoni mwa watu wengi. Hiyo moja ilitafuta mgongo wake, ikaupata wa baba.

Aliitwa barazani, akaulizwa mbele ya watu kama ni yeye.

"Mlitwambia kura ni siri," alijibu. "Yangu bado ni siri."

Angekana tu, yangekwisha. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa kuvunjika, si wa kupinda. Wakamtenga, na sisi wa nyumba yake pamoja naye.

Kutengwa kwetu Usukumani hakuna kelele. Hupigwi wala hutukanwi. Husalimiwi tu, hupewi kaa la moto asubuhi, hakuna anayekuja kulima nawe, na ukifiwa utachimba kaburi mwenyewe. Anayekusalimu naye anatozwa mbuzi. Njia ya kurudi ni moja: uchinje ng'ombe, kijiji kizima kipate kula, uombe msamaha.

Nilipofika kisimani wanawake walinyamaza, wakasogeza ndoo zao. Darasani nilikuta mabenchi matupu, na ubaoni kile kichwa changu cha mviringo kikinitazama. Nilifuta ubao, nikakaa hadi saa ya kufunga, maana sikutaka mama anione nikirudi mapema. Kiberiti kilikuwa adimu miaka ile. Moto wetu ulipozimika, mama alitembea mpaka kijiji cha pili kuomba kaa, akalibeba kwenye kigae.

Aliyeumia zaidi ni bibi. Alikuwa na shoga yake, wamenusa ugoro pamoja tangu wakiwa maharusi. Sasa yule bibi kizee alipita mbele ya nyumba yetu ameinamisha uso, na bibi akamsindikiza kwa macho mpaka akaishia. Mwanzoni alikasirika. Baadaye alianza kuwasalimu mbuzi. "Mwadila," aliwaambia mchana, na akangoja kidogo, kama kweli watamwitikia. Chakula akawa anakirudisha.

Siku moja tulikuwa tunamenya karanga. Nilikuwa nanung'unika juu ya huyo mwoga aliyepiga kura ya Hapana kisha akajificha nyuma ya baba.

"Watu hawana adabu siku hizi," bibi akasema. "Mtemi tulikuwa hatumtazami hata usoni. Nyie mnataka mkubwa achorwe juu ya macho! Mimi nilimheshimu. Niliweka alama yangu kule kwenye weusi, pasipokuwa na mtu."

Karanga zilinimwagika. Nilimkumbuka na mkono wake uliokuwa juu, na nikajichukia kwa namna ambayo bado sijaisahau.

Nilimfuata baba zizini, nikamweleza yote. Nilidhani atafurahi. Nilishavaa kanga ya pili niende kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Kaa chini," alisema. "Ukiwaambia, kuna watakaosema najificha nyuma ya mama yangu. Na watakaoamini watamcheka mpaka azikwe."

Akaanza kumkuna dume wake mwekundu shingoni. Ndiye aliyekuwa akilivuta jembe letu la kukokotwa.

Jumapili iliyofuata alimchinja. Alisimama mbele ya kijiji, mtu ambaye sijawahi kumwona akiomba hata maji, akasema, "Nimekosa. Nisameheni." Hakuna aliyemuuliza alikosa nini.

Watu wakajaa uani. Shoga yake bibi alikuja na kopo lake la ugoro, wakakumbatiana, wakalia. Bibi alipewa ini, kwa kuwa meno hayakuwapo. Aliposhiba alipaza sauti.

"Mwanangu huyu mkaidi tangu utotoni! Mimi yule mkubwa nilimpigia kura yangu vizuri, kwa heshima!"

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasimama akampa mkono, akasema laiti mtoto angefuata mfano wa mama yake.

"Umesikia?" bibi alimuuliza baba.

"Nimesikia, mayu," baba alijibu, akamwongezea mchuzi.

Jirani zetu walinisalimu mmoja mmoja siku ile, wakubwa kwa wadogo, nami nikaitikia wote. Nilikuwa nimezingirwa na watu, na sikuwa na hata mmoja wa kumwambia. Baba hakupenda tulizungumzie tena, na hakusimama tena mkutanoni. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono.