Nilifunga pinion ya meno 20 kwenye lori la rimoti, kisha nikasingizia kinu cha Mama Feza

Wakuu, hodi humu ndani. Mzee wenu wa Kalemie, miaka sitini na saba, nimesoma nyuzi zenu muda mrefu bila kuandika. Leo naandika. Sitaongeza chumvi, maana hapa mimi ndiye mkosaji, na mkosaji akiongeza chumvi anajionjesha mwenyewe.

Nimeona vijana wengi wanauliza: nikitoa motor ya kawaida nikaweka brushless, nifunge gia gani? Wanajibiwa namba tu. Mimi nitawajibu kwa kisa.

Kwanza mnijue. Nilifanya kazi karakana ya reli hapa Kalemie tangu nilipotoka sekondari, tawi la mekanika, mpaka nywele zikageuka. Gia nimezishika za ukubwa wa meza. Kwa hiyo lori la kuchezea la rimoti lilipoingia nyumbani kwangu, nililitazama kama fundi wa nyumba anavyotazama kibanda cha kuku.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Ilikuwa miaka ya vita ya kule vijijini. Treni ilikuwa imesimama. Watu walikuwa wanakuja mjini kwa miguu kutoka upande wa Niemba, wanalala madarasani na chini ya maturubai. Sisi wastaafu wa reli tulikuwa tunakaa tu, tunasikiliza kama kuna honi. Hakuna honi.

Lori lile ndilo lilinipa kazi. Lilikuwa na motor ya zamani ya brashi, pinion ya meno 15. Kwa wasiojua: pinion ni ile gia ndogo inayokaa kwenye motor yenyewe. Inasukuma gia kubwa, spur, na yangu ilikuwa na meno 54. Hesabu ni kugawanya tu. 54 kwa 15 ni 3.6, maana yake motor inazunguka mara tatu na zaidi ili gia kubwa izunguke mara moja.

Jirani yangu Papa Ramazani, ambaye ukoo wao ni wafanyabiashara wa ziwani tangu mababu, aliniletea kutoka Kigoma motor ya brushless, ile isiyo na brashi, pamoja na ESC yake, yaani kile kisanduku kinachoipimia motor umeme. Ndani ya kifurushi kulikuwa na pinion tatu: meno 11, meno 15 na meno 20.

Ile ya 11 niliicheka. Nikasema hii ni ya saa ya mkononi. Nikampa mke wangu, Mama Chausiku, akaifunga kwa waya kwenye ufunguo wa banda la kuku ili usipotee.

Wakuu, shikeni hapo kwenye ufunguo, tutarudi.

Sasa ikaja habari ya harusi. Binti wa Ramazani, Zuhura, alikuwa anaolewa na Amisi, mwalimu kutoka Niemba. Kijana mpole, mtu wa chaki. Shida ilikuwa upande wa bwana harusi. Ukoo wao vita ilikuwa imeutawanya, wengine Kabalo, wengine hawajulikani. Waliofika Kalemie ni wanne tu, pamoja na mama yake Amisi, Mama Feza.

Kwa kina Ramazani kuna desturi. Zawadi za bwana harusi zinapanda kilima mpaka mlangoni kwa bibi harusi, na wimbo. Mlangoni wanasimama mashangazi. Kinachofika na wimbo ndicho kinachohesabiwa. Ukikileta kesho yake, wanapokea, wanasema asante, lakini hakiingii kwenye zawadi za harusi. Na msafara ukisimama njiani, mashangazi wana haki ya kushuka na kuwatania mpaka mtoe jasho.

Kwa kawaida wanapanda watu thelathini, kila mmoja na mzigo kichwani. Watu wanne wangeonekana kama wamekuja kuuza mkaa.

Mimi nikatoa wazo. Nikasema nitaunda trela ndogo, lori litavuta zawadi, watu watacheka, hakuna atakayehesabu vichwa. Mama Feza aliponisikia alifunika mdomo kwa kitenge akacheka. Ramazani aliniambia baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza anamwona akicheka tangu afike.

Hadi hapo nilikuwa muntu muzuri. Ningeishia hapo.

Lakini siku ya Alhamisi nilifunga motor mpya. Na nilifunga ile pinion ya meno 20. Kwa nini? Kwa sababu karakana ya reli ilinizoeza vibaya. Kule ukipata injini yenye nguvu zaidi, unaongeza mabehewa. Nikafikiri nguvu mpya inaomba gia kubwa. Sikukaa kufikiri kwamba brushless tayari inazunguka haraka kuliko ile ya zamani. Hiyo kasi unatakiwa uipunguze kwa pinion ndogo ili ipatikane nguvu ya kuvuta. Mimi niliongeza kasi juu ya kasi.

Nikaenda kulijaribu kwenye barabara tambarare karibu na stesheni. Wakuu, lile lori liliruka. Wanaume wa bandarini walisimama na magunia mabegani wakitazama. Mmoja akaniita Papa Ndege. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Ijumaa mchana tukafanya jaribio la kweli, kilimani, na mzigo. Sanduku la bati lenye vitenge, sukari, sabuni, marashi. Mama Feza akaja na kitu mgongoni, amekifunga kwa kitenge kama mtoto.

Kilikuwa kinu. Kinu kidogo cha mti mgumu, cha kutwangia pilipili na karanga, pamoja na mchi wake. Alikuwa amekirithi kwa mama mkwe wake, na kwao kinu hicho kinakwenda kwa mke wa mtoto wa kwanza. Siku ya kukimbia Niemba kila mtu alichukua alichoweza, yeye alichukua hicho. Alitueleza kwamba njiani kwenye kizuizi mtu mmoja mwenye bunduki alimuuliza mtoto ana miezi mingapi. Akamjibu, "Huyu hakui, baba." Yule mtu akamwonea huruma akampisha.

Tulicheka sana. Tukaweka kinu kwenye trela.

Lori likapanda hatua kama ishirini, likaanza kulia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, likasimama. Harufu ya kuungua ikatoka. ESC ilikuwa imekata umeme yenyewe kwa joto.

Nikainama, nikagusa motor kwa mgongo wa mkono. Wakuu, nilijua. Sekunde ile ile nilijua. Karakana tulifundishwa: kabla hujalaumu behewa, gusa ekseli yako. Motor ilikuwa ya moto kama pasi, na kwa hatua ishirini tu hilo si kosa la mzigo, ni kosa la gia.

Lakini Ramazani alikuwa amesimama pale. Mimi ndiye fundi. Mimi ndiye Papa Ndege. Nikainuka nikasema, "Muzigo njo muzito, Mama."

Hakubisha. Angebisha ningepona. Alitoa kinu taratibu, akakifunga tena mgongoni, akasema, "Nilijua. Hata mashini ya Papa imekiona, hiki si kitu cha kuleta mujini."

Akageuka akashuka nacho.

Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ameleta kile kinu na wasiwasi tangu mwanzo. Aliogopa mashangazi wa mjini watamcheka kwa kuleta kigogo cha zamani. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kiache, na mimi nikawa mtu huyo. Nikamwambia kwa uongo.

Nipumzike kidogo hapa: kuna makosa nimefanya maishani makubwa kuliko hili. Lakini mengi nilifanya bila kujua. Hili nililijua mkono wangu ukiwa bado una joto la motor.

Jumamosi, harusi ni saa tisa alasiri. Asubuhi nilikuwa uani, lori mbele yangu, nalipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Mama Chausiku akapita kwenda kufungulia kuku. Ufunguo ukalia, kile kigia kinaning'inia.

Nikamwambia lete huo ufunguo.

Aliutazama, akanitazama. "Miezi miwili hii kitu ulikuwa unaita takataka. Leo njo imekuwa dawa?"

Nikamweleza yote, pamoja na niliyomwambia Mama Feza. Hakunigombeza. Alifungua ile waya kwa meno, akanipa pinion mkononi, akasema, "Gia utafunga. Na ile maneno, utafungua lini?"



Nikafunga meno 11. Vijana, sikilizeni sehemu hii ya ufundi. 54 kwa 11 ni karibu 4.9. Kwa ile ya 20 ilikuwa 2.7. Maana yake nimepoteza karibu nusu ya kasi, lakini nguvu ya kuvuta imekaribia mara mbili. Kabla hamjafunga, hakikisheni meno ya pinion na ya spur ni ya saizi moja, la sivyo zitatafunana. Nafasi kati ya gia mbili, pimeni kwa karatasi. Mimi nilikata ukanda wa karatasi ya sabuni, nikauweka katikati, nikabana gia, nikakaza skrubu, nikauvuta ukanda. Ukitoka umekunjwa kama ngazi lakini haujachanika, hapo ni sawasawa.

Halafu nikapandisha kilima na mawe kwenye trela, mazito kuliko kinu. Lori lilipanda polepole, kama mzee anayetoka kanisani. Juu nikagusa motor. Mkono ulikaa. Nikahesabu mpaka tano, mpaka kumi, mkono upo.

Ilibaki kazi ngumu.

Nilimkuta Mama Feza kwenye chumba walichopewa nyuma ya nyumba ya Ramazani, anasuka nywele za dada yake. Nikasimama mlangoni nikamwambia kwamba mzigo wake haukuwa mzito. Nikamwambia gia yangu ndiyo ilikuwa mbaya, na nilijua, na nilinyamaza kwa sababu ya haya.

Aliendelea kusuka. "Papa, usinihurumie. Wazee munapenda kutuliza watu."

Nikatoa ile pinion ya meno 20 mfukoni, nikaiweka chini mbele yake. Nikasema, "Sikutulizi, Mama. Naomba kinu."

Aliiokota, akaigeuza. Akauliza kitu kidogo hivi ndicho kilichoshindwa na kinu chake? Nikasema ndicho. Akaanza kucheka, taratibu, kisha na dada yake, mpaka msuko ukafumuka. Kumbe kinu hakikuwepo. Alikuwa amekwisha kuwaazimisha wapishi wa harusi, wametwanga pilipili tangu alfajiri.

Tukakifuata jikoni. Kilikuwa kimejaa pilipili mpaka mdomoni. Tulikisuuza mara tatu, harufu ikabaki.

Saa tisa tukaanza kupanda. Watu wanne wa Amisi, mimi na rimoti yangu, lori mbele, trela nyuma, sanduku la bati, na juu yake kinu kimefungwa kitenge kipya.

Sasa kuna jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Lori lilikuwa linakwenda polepole, na Mama Feza alikuwa anaimba. Wimbo wa kwao wa kupandisha zawadi ni wa polepole, una kituo, unavuta pumzi. Lori likawa linatembea sawa na wimbo. Kwa gia ya 20, hata kama lingeweza kupanda, lingemwacha mama wa watu anaimba peke yake nyuma kwenye vumbi.

Na kwa sababu tulikuwa polepole, watu walituwahi. Wakimbizi wa Niemba waliokuwa njiani waliujua ule wimbo. Mmoja akaingia, wawili, halafu sikuhesabu tena. Tulipofika juu hatukuwa watu wanne.

Hatukusimama hata mara moja. Mashangazi hawakupata nafasi ya kushuka.

Shangazi mkubwa, dada yake Ramazani, mwanamke anayeogopwa na soko zima, akafungua kitenge, akainama kukichungulia kinu. Akapiga chafya. Akapiga tena. Mama Feza alikuwa ameshika mkono wangu, na kucha zake nilizisikia.

Shangazi akajifuta macho, akasema, "Hiki njo kinu cha kazi. Vingine wanatuletea vya kupamba. Ingizeni."

Kikahesabiwa cha kwanza, kabla ya vitenge.

Nilipogusa motor pale mlangoni ilikuwa ya vuguvugu tu.

Ndiyo hivyo wakuu. Gia msiichague kwa barabara ya stesheni mnapotazamwa, ichagueni kwa kilima na mzigo mtakaouvuta. Anzeni na pinion ndogo, mtembeze dakika tatu, mguse motor. Mkono ukikaa, pandisheni meno mawili. Usipokaa, msimtafute mtu mwenye mzigo.

Ile ya meno 20 sikurudishiwa. Mama Feza aliitia uzi, anaivaa shingoni siku za sherehe, na mtu akimuuliza ni nini anawaelekeza kwangu nieleze mwenyewe. Nimeshaeleza mara nyingi. Kwenye maandishi, hii ni mara ya kwanza.

Niko hapa, nasubiri. Wenye brushless semeni mmefunga meno mangapi na mnavuta nini. Nimeona mtu anasifu meno 13 kwa tambarare na kilima kidogo, kweli hilo? Na wenye kucheka mzee, chekeni, hata nyumbani kwangu kuku wakifunguliwa bado nachekwa.